Mgombea wa Choo

Mtu aliyekuja kunitafuta nigombee udiwani hakuja kunitafuta mimi. Alikuwa anamtafuta mume wangu. Alipanda mlima kwa bodaboda kutoka mjini Morogoro, amevaa koti la suti juu ya jezi ya mpira, akajitambulisha kuwa ni mwenyekiti wa wilaya wa chama ambacho katika kata yetu nzima kilikuwa na wanachama wawili: binamu yake, na mke wa binamu yake aliyejiunga ili apate fulana. Siku nyingine zote alikuwa fundi wa redio na feni karibu na stendi ya Msamvu. Mume wangu alimsikiliza hadi mwisho, akamkaribisha chai, kisha akamwambia kwamba yeye hana sauti ya kuhutubia, ila mke wake anayo, na kama haamini aulize majirani.

Mimi nilikuwa uani naosha karoti. Nilipoitwa nikadhani ni utani wa mume wangu, kwa hiyo nikajibu kwa utani kwamba sawa, nitagombea. Yule fundi akatoa kalamu mfukoni. Nilipotambua kwamba hakuna anayetania, nilikuwa nimeshaulizwa kituo changu cha kupigia kura. Ningeweza kukataa hata hapo, lakini sikukataa. Miaka yote nimekuwa nikikaa kwenye mikutano ya kampeni, mtoto mgongoni na baadaye bila mtoto, nikimwambia aliye pembeni yangu kwamba hata mimi ningesema vizuri kuliko huyo. Sasa nilikuwa nimeulizwa.

Shida ilikuwa mama mkwe. Nyumba yake na yetu zinatazamana, uani ni mmoja, na alikuwa balozi wa nyumba kumi wa chama kikubwa tangu kabla sijaolewa. Juu ya hayo, sisi Waluguru ardhi inakwenda kwa upande wa mama, na matuta tunayolima ni ya ukoo wake. Kwa hiyo neno lake halikuwa la mama mkwe tu, lilikuwa na mashamba ndani yake. Habari zilipomfikia hakusema kitu. Nilimwamkia shikamoo kila asubuhi, naye akaitikia marahaba kila asubuhi, na kimya kikarudi palepale kilipokuwa. Ilifika mahali mume wangu akawa anapitia mlango wa nyuma.

Mwishowe akaniita. Alikuwa amekaa kwenye kigoda jikoni kwake, anamenya njegere.

"Nimesikia una kitabu," alisema.

Nikamwambia ndiyo, ni ilani ya chama, imetumwa kutoka Dar es Salaam.

"Kilete. Unisomee, mimi miwani sina."

Nikakileta, nikakaa chini kwenye mkeka, nikaanza kusoma. Ahadi ya kwanza ilisema kwamba chama chetu kikishika dola, kila kaya ya mkulima itapewa trekta. Mikono yake ikasimama. Akageuza shingo akatazama nje ya mlango, na mimi nikatazama. Mbele yetu yalikuwa matuta yetu, yameninginia kwenye mlima kama nguo kwenye kamba, na katikati yake jirani yetu analima liki, ile mboga ya jamii ya kitunguu, mguu mmoja juu na mwingine chini, jembe likimsaidia kusimama.

"Litapita wapi?" aliuliza.

Nikarudisha macho kwenye kitabu.

"Haya, tuseme limepita. Likishafika, nani atalishikilia?"

Nikaona bora nigeuze ukurasa. Ahadi iliyofuata ilikuwa kwamba chama kitamlipia mahari kila kijana anayetaka kuoa. Mama mkwe akaniuliza ni mahari ya kijana wa Kiluguru au ya Msukuma, kwa sababu kule kwa Wasukuma wanahesabu ng'ombe, na kama kitabu hakijasema ni nani anaoa nani, basi aliyekiandika hajawahi kukaa kwenye kikao cha posa. Tukaja kwenye maziwa kwa kila mwanafunzi. Hiyo aliipenda kidogo. Mbuzi wa maziwa huku kwetu wapo, alisema, hiyo ina kichwa na miguu. Halafu akafikiri, akaongeza kwamba wakamuaji ndio watakaokosekana, maana vijana wote watakuwa kwenye harusi zao.

Ukurasa wa mwisho ndio uliokuwa na habari za fedha. Ulikuwa mfupi kuliko mingine. Ulisema fedha zitapatikana kwa kubana matumizi na kusimamia vyema rasilimali za nchi. Aliniomba nirudie, nikarudia.

"Matumizi ya nani?"

"Ya serikali, mama."

"Na hao watakaobanwa, wameshaambiwa?"

Nilicheka, nikashindwa kujizuia, na yeye akacheka, na zile siku za kimya zikaisha bila mtu kuomba radhi. Lakini alipomaliza kucheka alinitazama sawasawa. "Kura yangu unajua iko wapi," alisema, "na haitoki huko. Ila jina lako la mwisho ni la mwanangu. Hutasimama mbele ya watu na jina hilo ukaahidi trekta. Ahidi kitu ambacho ukiulizwa bei, unaijua."

Sikufikiri sana. Pale barabarani ambapo malori yanapakia mboga, sisi wanawake hushuka na matenga alfajiri, ukungu bado umelala, na lori huja linapopenda lenyewe. Unaweza kukaa hapo hadi jua likawa utosini. Hakuna choo. Wanaume wana kingo za barabara na hawaoni haya. Sisi tulikuwa na shamba la mahindi la mtu mmoja, hadi yule mtu alipolizungushia miiba, na simlaumu. Nikamwambia mama mkwe kwamba ningetaka kuahidi choo.

Aliweka njegere chini. "Choo," alisema. "Hapo sasa."

Tukaanza kukipigia hesabu palepale, njegere zikageuka matofali na maganda yakawa bati. Shimo, alisema, lisinipe wasiwasi, ardhi ya pale ni laini, vijana watalimaliza kabla ya chakula cha mchana. Tofali za kuchoma bei yake tunaijua. Simenti ni ya sakafu tu na kupigia plasta kidogo. Tulipofika kwenye swali la pesa inatoka wapi, alisema diwani hupata posho, basi itoke humo. Nikakubali haraka, kwa sababu ni rahisi sana kutoa posho ambayo hujaipata. Nje ya dirisha mtu akakohoa. Alikuwa mume wangu, ambaye, kama nilivyokuja kujua jioni ile, alikuwa ameshaipangia posho hiyohiyo pikipiki.

Uzinduzi wa kampeni ulifanyika siku ya gulio. Mwenyekiti wa taifa wa chama alikuja mwenyewe, na gari lenye spika mbili juu. Alikuwa mtu mzuri, mwenye sauti ya kupendeza na kitambaa cha kufutia jasho ambacho hakukihitaji kwa baridi ya kwetu. Aliahidi trekta. Aliliahidi akiwa ameupa mlima mgongo, kwa hiyo hakuuona. Mzee mmoja alipouliza fedha zitatoka wapi, alijibu kwamba tutabana matumizi, na watu wakapiga makofi ya adabu, yale anayopigiwa mgeni.

Kisha nikaitwa mimi. Sauti ilikuwepo. Nikawaambia kwamba trekta mimi siwezi, niwe mkweli. Wakinichagua, nitajenga choo pale tunapopakilia mboga, upande mmoja wanawake na upande mmoja wanaume, na kitajengwa kwa posho yangu ya udiwani.

Watu walicheka. Walicheka mpaka waliokuwa wanauza vitunguu mbali wakaja kuona kuna nini. Mwenyekiti wa taifa alitazama viatu vyake. Nikasimama tu, kwa sababu sikujua nifanye nini kingine. Halafu nikaona kwamba wanawake waliokuwa mbele wameacha kucheka. Mmoja akauliza mlango utaelekea wapi, barabarani au mlimani. Mwingine akauliza kama kutakuwa na komeo kwa ndani au ni lile la kushikilia kwa mkono. Wa tatu alitaka kujua kama mwenye mtoto ataweza kuingia naye. Mkutano mzima ukawa wa choo. Hakuna aliyeuliza trekta ni la rangi gani.

Ndipo mama mkwe akasimama. Alikuwa amejifunga kanga ya chama chake, na watu wakampisha wamwone vizuri, kwa sababu kila mtu alijua sisi ni nani kwa nani.

"Nina swali kwa mgombea," alisema. "Mchanga wa kujengea unatoka mtoni. Mto uko chini, na gari halifiki. Atakayeubeba ni nani?"

Hilo hatukuwa tumelizungumza jikoni. Nilimtafuta mama mkwe machoni, sikumkuta, nilimkuta balozi. Hakukuwa na msaada wowote kutoka upande ule. Nikasema, "Nitabeba mimi."

"Peke yako?"

"Nitaanza peke yangu."

Akaitikia kwa kichwa, akakaa, akaendelea kuteta na jirani yake kana kwamba ameuliza bei ya chumvi.

Baada ya mkutano, mwenyekiti wa taifa alinivuta pembeni. Nilidhani atanikemea kuhusu trekta. Kumbe gari halikuwa na mafuta ya kufika chini. Chama kilikuwa kinategemea, alisema, kwamba wagombea wa maeneo watachangia. Pesa sikuwa nayo. Nilikuwa na kabichi na liki zilizobaki sokoni, tukazipakia nyuma, zikajaa hadi chini ya spika, akaenda nazo. Jioni alinipigia simu. Alikuwa amesimama nazo barabarani Mzumbe, akaziuza zote, mafuta yakatosha na chakula kikapatikana. Alisifu sana kabichi zetu. Aliniuliza kwa uangalifu kama wagombea wa kata jirani nao wanalima.

Kesho yake asubuhi nilishuka na tenga langu kama kawaida. Wanawake waliokuwa wamenitangulia hawakunisalimia. Waliniuliza mchanga uko wapi.

Niliona aibu, nikarudi nyumbani kuchukua ndoo. Mto wetu si mbali ukiwa unashuka. Unapopanda na ndoo ya mchanga kichwani, ni safari nyingine kabisa. Shingo inaingia ndani ya mabega na unaanza kuwafikiria vibaya watu waliokuuliza maswali. Nilimwaga ndoo ya kwanza pembeni mwa barabara, ikawa kama kichuguu kidogo cha aibu. Nikarudi. Baadaye wakaanza kuniunga, mmoja kwa mmoja, wale ambao kwa vyovyote walikuwa wanatoka mtoni kufua au kuchota. Hawakusema ni kampeni. Walikuwa wanapita, wanamwaga, wanaendelea na safari zao. Lile rundo likapanda hadi kiunoni mwangu, na mimi nikaanza kulitembelea hata nikiwa sina ndoo, kwa kulitazama tu.

Ndipo mtendaji wa kata akaja. Alikuwa kijana mwenye heshima zake, na wakati ule alikuwa pia anasimamia mambo ya uchaguzi. Alivua kofia, akalizunguka rundo, akaniamkia, halafu akasema kwa unyonge kwamba itabidi niache.

"Niache nini?"

"Kubeba, mama. Hii ni rushwa."

"Mchanga?"

Akanieleza. Mgombea haruhusiwi kuwapa wapiga kura kitu wakati wa kampeni. Mchanga nikiubeba kabla ya uchaguzi ni zawadi kwa wapiga kura, na nikiubeba baada ya uchaguzi ni maendeleo. Nikamuuliza, kwa hiyo kama ningeahidi trekta nisingekuwa na kosa lolote? Alifikiri kwa dhati, nikaona kabisa kwamba swali limemsumbua. "Trekta hujaleta," alisema mwishowe.

Nilirudi nyumbani nikamsimulia mume wangu, akalala chali kitandani akicheka. Ahadi yangu ilikuwa na bei ndogo hivi kwamba ilikaribia kutimia kabla ya kura, na hapo ikawa kosa. Mwenyekiti wa wilaya, yule fundi redio, alipopigiwa simu alishtuka. Alisema katika uzoefu wake wote wa chama, tatizo la ahadi kutimia halijawahi kumfikia, na hakuwa na maelekezo.

Rundo likabaki. Tulilifunika kwa majani ya migomba ili mvua isilishushe, kuku wakafanya makao, na watu wa chama kikubwa wakatunga wimbo kunihusu mimi na mchanga wangu, wimbo mtamu kiasi kwamba nilijikuta nauimba nikipalilia. Kampeni yangu iliyobaki ilikuwa rahisi. Nilikuwa nasimama pembeni ya rundo na kuwaambia watu waliangalie.

Nilishindwa. Kura zangu ziliwazidi wanachama wetu kwa mbali, na za mshindi zikanizidi mimi kwa mbali zaidi. Nilikuwa nimejiambia siku zote kwamba jambo lenyewe ni la kuchekesha, kwa hiyo nilishangaa nilipojikuta bandani kwa mbuzi nalia. Nilikuwa nimetaka kushinda. Sikuwa nimelijua hilo mpaka nilipoyasikia matokeo, na ndani ya lile banda lenye harufu nilijionea huruma sana, huku mbuzi mmoja akitafuna ncha ya kanga yangu.

Mama mkwe alinikuta hapo. Hakunipa pole, na kuhusu uchaguzi hakusema chochote, si siku ile wala baadaye. Aliichomoa kanga mdomoni mwa mbuzi.

"Sasa wewe si mgombea," alisema. "Njoo tubebe mchanga."

Posho haikuwepo tena, kwa hiyo tulirudi kwenye kigoda na mkeka tukapiga hesabu upya, na safari hii hakukuwa na mtu wa kukohoa dirishani. Kile tulichokuwa tumekiandikia pesa, tuliangalia nani anacho. Kipande cha ardhi kilikuwa cha ukoo wake, akaenda kuwaona ndugu zake, wakakaa, wakakubali baada ya kumlalamikia kwa nusu siku. Tofali zilibaki misheni baada ya ujenzi wa nyumba ya masista. Alikwenda mwenyewe kwa padre, akarudi akiwa ameridhika, na sikuwahi kujua alimwambia nini. Madalali wa mboga walitoa simenti. Niliwaeleza kwamba wapakiaji wao nao wana haja, na kwamba lile shamba la mahindi lina miiba pande zote.

Shimo ndilo lililotuumbua. Ile ardhi laini ya mama mkwe ilikuwa laini mpaka kiunoni. Hapo vijana wakakutana na jiwe, wakaligonga, likalia kama kengele ya kanisa. Walihamia pembeni, wakalikuta limeenea hadi huko. Mume wangu, aliyekuwa ndani ya shimo, alimwangalia mama yake. Mama mkwe alisimama ukingoni, akalitazama jiwe kwa muda mrefu. "Hili ni jiwe la upinzani," alisema. Ikabidi tuhame kabisa, tukachimba upande wa juu, na ndugu zake walipoombwa kipande kingine walilalamika tena nusu siku.

Diwani mpya alikuwa mtu wa watu, hilo lazima niliseme. Alichangia milango miwili yenye makomeo kwa ndani. Baada ya kuchangia aliona ni haki yake kuja kufungua. Fundi redio naye alisikia, akanipigia simu kunikumbusha kwamba choo kile kilikuwa ahadi ya chama chetu, pengine ahadi pekee ya chama iliyotekelezwa nchi nzima, na kwamba mwenyekiti wa taifa angependa kiingie kwenye taarifa. Kwa hiyo siku ya kufungua wote wawili walikuwepo, diwani na kanzu yake nyeupe, fundi na koti lake juu ya jezi, na utepe ulifungwa kati ya milango miwili. Kila mmoja alikuja na mkasi wake.

Walibishana kwa upole. Diwani alisema choo ni cha wananchi wote na yeye ndiye mwakilishi wao. Fundi alisema wananchi wote walimsikia nani ameahidi. Watu wakaanza kugawanyika, na mimi, niliyebeba ule mchanga, sikuwa najua nisimame upande gani.

Mama mkwe akawakatiza. "Atakayefungua," alisema, "ndiye atakayeingia kwanza. Tutamsubiri hapa nje."

Walitazamana. Halafu wakatutazama sisi, gulio zima, tumesimama tukingoja. Diwani alishusha mkasi, na fundi akarudi nyuma hatua moja. Katika nafasi iliyobaki kati yao, mwanamke mmoja aliyekuwa anangoja lori tangu alfajiri akalitua tenga lake la karoti, akaupitisha utepe juu ya kichwa, akaingia, akafunga mlango. Tulisikia komeo likiingia mahali pake. Hotuba zikasomwa akiwa ndani, na alipotoka alipigiwa makofi, akakasirika sana.

Kitu ambacho hatukukipigia hesabu kilikuwa ufagio. Wiki ya pili tu, ilidhihirika kwamba choo kina gharama isiyokwisha, ya ndoo ya maji na mtu wa kuinama, kila siku. Ilani haikuitaja, mimi sikuitaja, na mama mkwe aliyeuliza kila kitu hakuiulizia. Tulikaa kikao pale barabarani, wanawake wote wa matenga, tukabishana hadi lori likafika. Mwishowe likapita azimio kwamba atakayepakia tenga la mwisho siku hiyo ndiye atakayefagia.

Tangu hapo hakuna anayetaka kuwa wa mwisho. Watu wanashuka mapema kuliko zamani, matenga yanapangwa giza bado lipo, na malori, yakijua mzigo uko tayari, yanakuja mapema na kuondoka kabla jua halijapiga kingo za barabara. Madalali wanashangaa. Mmoja aliniambia juzi kwamba katika milima yote anayopita hajaona wakulima wenye bidii kama sisi. Nilimshukuru, nikaharakisha na tenga langu, kwa sababu nyuma yangu alikuwa amebaki mtu mmoja tu.